Kufunga injini nyingine kwenye Land Rover 109: hesabu za barabara za milimani

Land Rover 109 za Series III, zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, bado zipo kazini huku Nyanda za Juu Kusini. Zinateremsha viazi kutoka Isyonje, zinatoa mbao Mafinga, zinapeleka pembejeo shambani na watoto shuleni siku hiyohiyo. Bodi ni ya alumini, chesisi inachomeleka, springi ni za majani ambazo kila fundi anazijua. Kinachochoka ni injini ya 2.25, yaani sentimita za ujazo 2,286, iwe ya petroli au ya dizeli. Ikishafanyiwa ovahoo mara mbili au tatu, silinda zimepanuliwa mpaka mwisho na krenki imekatwa mpaka saizi ya mwisho, mwenye gari huanza kuuliza: nifunge injini gani?

Jibu analopewa mara nyingi ni jina la injini iliyolala kwenye kona ya gereji anakouliza. Bora aanze na mlima.

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapo ni takriban asilimia 82 ya ile ya Tanga au Dar es Salaam, na injini isiyo na tabo (kisukuma hewa kinachozungushwa na moshi wa eksozi) hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho, kwa sababu haiwezi kuchoma mafuta kuzidi hewa iliyovuta. Dizeli ya 2.25 ilitoka kiwandani na nguvu farasi 62 hivi. Ukiiwasha Mwanjelwa una kama 51, na hapo ni ikiwa mpya. Ukipanda safu ya Uporoto kwenda Tukuyu, au ukishika barabara ya Chunya, unapita mita 2,000 na hesabu inazidi kuwa mbaya. Ndiyo maana gari linalokwenda vizuri Kyela hukata pumzi likikaribia Isongole na mzigo uleule, fundi anasafisha nozeli bure. Tabo hubadilisha hesabu hiyo, kwa kuwa inasukuma hewa mpaka presha iliyopangiwa. Injini ya tabo yenye nguvu farasi 107 ukiwa pwani bado ina karibu zote ukiwa Njombe.

Jambo la pili ni gia boksi, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Gia boksi ya Series III ina gia nne na haikuundwa kwa injini kubwa. Dizeli ya 2.25 huipa nguvu ya kusokota ya Nm (nyutoni-mita) 140 hivi, petroli kama 160. Boksi hiyo huvumilia 190 bila shida, na huvumilia 255 kama dereva ana adabu ya mguu, hakanyagi klachi na kuachia ghafla kwenye gia ya kwanza akiwa na mzigo mlimani. Zaidi ya hapo unanunua meno ya gia. Kwa hiyo 1HZ ya Land Cruiser, mashine nzuri kabisa ya lita 4.2 na silinda sita, isahau kwa 109 ya kila siku: ni ndefu, ni nzito kwa springi za mbele, na itakulazimisha ubadilishe gia boksi, transfa (boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) na propela zote, yaani shafti zinazokwenda kwenye ekseli. 1KZ-TE nayo ina pampu inayoendeshwa na kompyuta, na silinda hedi yake hupasuka ikichemsha. Kwa gari unalotaka litengenezeke Makete au Ludewa, hapana.

Zinabaki injini chache za kufikiria kwa dhati.

Chaguo langu la kwanza ni 200Tdi ya Land Rover yenyewe, ya sentimita za ujazo 2,495, iliyoanza kwenye Discovery ya 1989 na kuingia Defender 1990. Ya Defender inatoa nguvu farasi 107 na Nm 255 kwenye mizunguko 1,800 tu kwa dakika. Namba hiyo ya 1,800 ndiyo ya kuitazama, kuliko hata ile 107. Mlima Kitonga haupandwi kwa mizunguko 4,000. Unapandwa na injini inayovuta chini, ukiwa gia ya tatu, mshale wa joto umetulia. Faida yake nyingine ni kwamba imetokana na ukoo wa 2.25, kwa hiyo inakaa kwenye gia boksi ya Series bila sahani ya kuunganishia. Unahamisha baadhi ya stadi (boliti zisizo na kichwa), na flaiwili unaitoboa upya kwa fundi wa kukereza ili ipokee klachi ya inchi 9.5 ya 109. Matundu hayo yasitobolewe kwa dreli ya mkono. Yakihama hata kidogo, klachi itatetema kila unapoondoka.

Lakini angalia unanunua 200Tdi ipi. Ya Defender ina tabo iliyokaa juu, inaingia vizuri. Ya Discovery tabo yake imekaa chini na inagongana na chesisi na kikalio cha injini. Mafundi wengine hukata chesisi ipite. Usikubali. Tafuta manifoldi ya eksozi ya Defender pamoja na tabo yake, hata kama itachelewesha kazi mwezi mzima.

300Tdi, iliyokuja kwenye Defender kuanzia 1994, ina nguvu karibu sawa, 111, ila matundu yake ya kufungia gia boksi na vikalio vyake ni tofauti, kazi ya kuunganisha inaongezeka. Za mwanzo zilijulikana kwa kula mkanda wa taimingi pembeni kwa sababu puli hazikukaa mstari mmoja. Ukifungua na kukuta unga mweusi wa mpira ndani ya kava, puli zinahitaji seti ya marekebisho, mkanda mpya peke yake hautaponya kitu.

Chaguo la pili, na kwa watu wengi huenda ndilo la kwanza kwa sababu ya spea, ni 3L ya Toyota. Ni dizeli ya sentimita za ujazo 2,779 isiyo na tabo, nguvu farasi 90 hivi na Nm 188. Mlimani Mbeya unabaki na kama 74, bado ni karibu mara moja na nusu ya dizeli ya zamani. Imo kwenye Hiace na Hilux, kwa hiyo gasketi, nozeli, pampu ya maji na mkanda wa taimingi unavipata Mwanjelwa, Makambako au Ipogolo siku hiyohiyo. 5L, ya lita 3, ni ndugu yake mkubwa kidogo na inafungwa kwa njia ileile. Injini iliyotoka Hiace ilikuwa inakaa chini ya kiti. Sampu yake (bakuli la oili), vikalio na manifoldi vimepangwa kwa nafasi hiyo, wala si kwa boneti ya 109 yenye ekseli ya mbele chini yake. Iliyotoka Hilux ya 4x4 inakupunguzia kazi nyingi.

TD27 ya Nissan, ya lita 2.7, nayo ni ya heshima. Taimingi yake ni ya gia, haina mkanda wa kukatika, na haina makuu. Inavuta kidogo kuliko 3L. 4JB1 ya Isuzu, 2,771, hunyunyiza dizeli moja kwa moja kwenye pistoni, kwa hiyo asubuhi ya Juni ya Njombe, barafu ikiwa kwenye majani, inawaka kuliko zote hizi. Tatizo lake ni umeme: nyingi zimetoka kwenye malori madogo ya volti 24, na 109 yako ni ya 12. Staata, oltaneta, solenoidi ya kuzimia na plagi za kupashia, vyote vibadilishwe. Ukishapiga hesabu ya vitu hivyo vinne, bei nzuri uliyotajiwa haipo tena.

Na kama gari linatembea kilomita mia chache kwa mwezi, mjini na shambani karibu, pia kuna jibu la kuirudisha 2.25 ileile kwa slivu mpya (kuta mpya za ndani ya silinda). Si aibu. Haigusi kadi ya gari wala haichomelewi kitu.

Wakati wa kununua, usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Iwashwe mbele yako ikiwa baridi. Weka mkono kwenye bloku kabla haijawashwa, maana injini iliyopashwa moto mapema huficha ubovu wake. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma. Mvuke kidogo ni kawaida, lakini moshi unaopiga kwa mapigo kama treni ni ringi zilizokwisha. Kisha pima kompresheni. Kwa 3L kitabu kinataka karibu kilo 32 kwa sentimita ya mraba kwa mpya, kisipungue 20, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5. Vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Hapa Mbeya geji itasoma pungufu kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo injini yenye 25, 26, 25, 26 ni nzuri sana, na yenye 26, 26, 19, 26 usiiguse hata kama tatu zake zinapendeza. Ulinganifu ndio wa kuangalia.

Sasa kuunganisha. Kwa injini za Land Rover jambo hili ni dogo, lakini kwa 3L, TD27 au 4JB1 ndipo kazi inapofia. Unahitaji sahani ya chuma kati ya injini na nyumba ya klachi, na unahitaji bushi kwenye kitovu cha krenki itakayoshika pua ya shafti ya gia boksi. Sahani ikichongwa kwa macho na kalamu, vitovu viwili havitakutana. Gari litatembea, fundi atalipwa, na baada ya miezi mitatu gia ya nne inaanza kuruka, klachi inanguruma ukiikanyaga, oili inavuja mbele ya boksi. Utaambiwa boksi ilikuwa mbovu tangu awali, kumbe shafti imekuwa ikipindishwa kila mzunguko.

Namna ya kukagua ni hii. Funga sahani na nyumba ya klachi kwenye injini bila gia boksi. Kwenye flaiwili simika saa ya kupimia, ile yenye sindano na sumaku, ncha yake iguse ukingo wa ndani wa tundu kubwa ambamo beringi ya gia boksi hukaa. Zungusha krenki kwa mkono raundi nzima, taratibu, na usome sindano. Isitembee zaidi ya milimita 0.25 kwa jumla. Hapo kitovu kimehama 0.125 tu, kinavumilika. Ikitembea 0.6, legeza boliti, gonga sahani kwa nyundo ya mpira upande unaotakiwa, kaza, pima tena. Ikishakaa, toboa matundu mawili na upige pini za chuma ili sahani isihame siku boksi itakaposhushwa tena. Kazi hii ni ya nusu siku, na fundi asiyekuwa na saa hiyo asipewe kazi ya sahani.

Kwa kuwa unabaki na gia boksi ya Series, propela hazibadiliki. Hicho kitu kimoja kinakuokolea fedha nyingi. Kinachobaki ni sampu na ekseli. Bandika donge la udongo laini wa mfinyanzi juu ya ekseli, mahali inapokaribiana na sampu, weka mzigo, pitisha gari kwenye tuta taratibu, kisha pima udongo umebanwa ukabaki unene gani. Chini ya sentimita 3 inua vikalio au badilisha sampu. Feni ibaki angalau sentimita 2.5 mbali na rejeta, maana injini husogea mbele ukifunga breki kali.

Rejeta ndiyo roho ya kazi nzima huku kwetu. Maji ya Mbeya yakiwa wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Injini inayopenda kukaa kwenye 88 ina nafasi ya nyuzi sita tu kama kifuniko cha rejeta hakishiki presha. Weka kifuniko kipya chenye namba ya presha 0.9 na maji hayatachemka mpaka yapite 110. Kinagharimu kidogo kuliko gasketi ya silinda hedi. Rejeta ya zamani ya 2.25 ifunguliwe tangi la juu na kupigwa brashi kila njia, isisafishwe kwa dawa tu. Feni iwe na kava lake, kwa sababu bila kava inazungusha hewa ileile ya moto unapopanda Kitonga nyuma ya lori kwa mwendo wa kilomita 15. Kwa 200Tdi usiache kipoza hewa cha tabo, hata kama italazimu kukata paneli ya mbele, na mabomba ya oili yapelekwe kwenye kipoza oili chake. Kuyaunganisha yenyewe kwa yenyewe ni kuua tabo polepole.

Dizeli ya 3L iliyotoka sehemu ya chini itatoa moshi mweusi huku juu, kwa sababu pampu inamwaga mafuta ya hewa ambayo haipo. Skrubu ya mafuta nyuma ya pampu irudishwe nje kidogo, moja ya nane ya raundi kwa kila jaribio, kisha upande mlima na kutazama kioo. Usiizungushe robo nzima kwa mara moja, ina athari kubwa kuliko inavyoonekana.

Kama gari lilikuwa la petroli, kuna vitu vitatu husahaulika. Tangi lioshwe na liongezewe bomba la kurudishia dizeli, kwa kuwa pampu hurudisha mafuta mengi. Kabla ya pampu weka filta yenye kikombe cha kutoa maji. Na breki: sevo (kisaidizi cha breki) ya petroli hunyonya hewa kwenye manifoldi, dizeli haina mnyonyo huo. 3L hubeba pampu ya vakyumu nyuma ya oltaneta, 200Tdi ina yake kwenye bloku. Ukibadilisha oltaneta ya 3L kwa ya bei rahisi isiyo na pampu hiyo, kanyagio litakuwa gumu kama jiwe, na utaligundua kwenye mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi. Jaribu kabla gari halijatoka gereji: zima injini, kanyaga breki mara tano mpaka iwe ngumu, shikilia, washa. Kanyagio lizame kidogo. Lisipozama, gari lisitoke.

Plagi za kupashia, soma volti iliyogongwa juu yake kabla ya kuunga. Ya volti 6 ukiipa 12 moja kwa moja inaungua asubuhi ya kwanza. Waya wa ethi kutoka injini kwenda chesisi uwe mnene kama wa betri. Usipokuwepo, umeme wa staata unatafuta njia kwenye kebo ya mafuta, na kebo inayeyuka.

Kuhusu mwendo. Difu za 109 (gia za katikati ya ekseli) zina uwiano wa 4.7, transfa kwenye gia ya juu 1.15, kwa hiyo injini inazunguka mara 5.4 kwa kila mzunguko wa gurudumu. Kwa tairi za 7.50-16, mizunguko 3,000 inakupa kama kilomita 82 kwa saa. 3L iache hivyo, inaridhika. Mwenye 200Tdi atatamani difu za 3.54, zitakazompa kilomita 108 kwa mizunguko hiyohiyo. Kwa gari tupu ni raha. Kwa gari linalobeba viazi kutoka bondeni, gia ya kwanza inakuwa ndefu mno na klachi inanuka kila unapoondokea mlimani. Pia spidomita itasoma pungufu: ikionyesha 50 kijijini unakwenda 66, na tochi ya trafiki haitajali difu zako. Ovadraivu ya nyuma ya transfa ni jibu bora zaidi. Inapunguza mizunguko kwa zaidi ya moja ya tano, unaishika ukifika tambarare ya Chimala na Igawa, na mlimani unaitoa.

Breki za ngoma za inchi 11 zifanyiwe kazi kabla ya injini kuingia. Mwendo mpya bila breki mpya haufai hata siku moja.

Kadi ya gari ina namba ya injini, ukubwa wake na aina ya mafuta. Dai risiti na nyaraka za forodha za injini siku unayolipa, piga picha namba iliyogongwa kwenye bloku kabla haijapakwa rangi, kisha peleka mabadiliko TRA na umwarifu aliyekukatia bima. Injini yenye namba iliyosagwa iache hapohapo, kwa bei yoyote.

Kwa bajeti, kiasi unacholipia injini tenga kingine kama hicho kwa vinavyoizunguka: klachi, rejeta, mabomba, eksozi, waya, mkanda wa taimingi na tenshena yake. Mkanda ubadilishwe kabla injini haijaingia, hata muuzaji akiapa ni mpya, kwa kuwa ukiwa mezani ni kazi ya saa mbili.

Gari likishawaka, safari ya kwanza iwe fupi, Mbeya hadi Igawilo na kurudi, bila mzigo. Likiwa limepoa kabisa, angalia maji, kaza klipu za mipira, boliti za vikalio na za manifoldi. Rudia baada ya kilomita 100 na tena baada ya 500, na kwenye 500 hiyo mwaga oili ya injini na ya gia boksi. Gia boksi inachukua lita moja na nusu tu ya EP90. Imwage kwenye beseni jeupe na upitishe sumaku chini. Unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, shusha boksi na upime tena ile sahani kwa saa.